Gogo Lililoletwa na Mto: Lijue Kabla ya Kulitia Jikoni

Mazungumzo na vikundi vya akina mama na vijana wa ukanda wa mto Tana



Tana ukifurika, maji yakipungua huacha magogo ukingoni na mashambani. Kwa familia nyingi hizo ni kuni za bure. Shida ni kwamba mto umeshavua majani na maua, mara nyingi hata gome. Mwokotaji hubaki na gogo tupu lenye matope. Ataujuaje mti wake?

Uzito usimdanganye. Gogo lililolala majini ni zito hata likiwa la mkuyu, na mkuyu ukikauka ni mwepesi, huwaka upesi na hauachi kaa la maana. Gogo likatwe ncha kwa panga, rangi ya ndani ionekane, kisha linuswe.

Mathenge ni rahisi kuutambua: pembeni manjano, kiini hudhurungi iliyokoza. Moto wake ni mkali na kaa lake hudumu. Mti huu ulioletwa kuzuia jangwa umewasumbua wafugaji na wakulima, hata ukatangazwa kuwa gugu hatari mwaka 2008. Kwa hiyo anayeupeleka jikoni hamkosei mtu. Ila miiba yake ikimchoma mtu, kidonda huvimba na huchelewa kupona.

Mkwaju una kiini cheusi chenye zambarau kwa mbali, kigumu hata panga hudunda. Ukipatikana umekwishaanguka, ni bahati. Mkoma nao hauna pete. Ncha yake imejaa nukta nukta, kama nyuzi zilizofungwa pamoja. Huo ni afadhali uwe boriti kuliko kuni.

Moshi wa mwembe huwasha macho, basi usipikiwe ndani ya nyumba isiyo na dirisha, hasa penye mtoto mchanga. Mnyaa mbichi una maziwa yanayoweza kumfanya mtu asione kwa muda. Yakiingia jichoni, lioshwe kwa maji mengi safi na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Hapa hakuna dawa ya kienyeji ya kujaribiwa.

Lakini gogo baya kuliko yote si la mti wa mtoni. Ni kipande cha nguzo iliyotiwa dawa. Huwa kimenyooka, kimechongwa sawa, na kina rangi ya kijani kibichi au weusi wa lami. Dawa ile ya kijani huwa na sumu ya aseniki, nayo haiishi kwa moto: hutoka na moshi na hubaki kwenye jivu. Jivu hilo lisioshee sufuria wala lisitiwe shambani. Kipande kama hicho kisichomwe kabisa.

Kule Kipini, mkoko ni jambo la sheria. Hata uliolala, usichukuliwe kabla ya kuuliza ofisi ya Huduma ya Misitu, KFS.

Na gogo lililo nusu majini liachwe mpaka maji yashuke. Mamba naye akilala hufanana na gogo, kila mtu hapa anajua.

Gogo likishajulikana, lipasuliwe, lipangwe juu ya mawe, jua na upepo vipite katikati. Kuni mbichi za mti mzuri bado ni moshi mtupu.

Haya, hapa mbele kuna vipande vitatu, vyote havina gome. Mama mmoja aje na panga, akate ncha, atuambie ni miti gani.