Mukojo unaochoma: mambo tunayoweza kufanya sisi wenyewe

Mazungumuzo ya muuguzi mbele ya wanamemba, Hombo



Mumeniomba niseme juu ya ugonjwa wa mukojo. Wengine wamecheka. Wanaocheka nao wako na wamama na madada nyumbani, basi wasikilize.

Tangu turudi, wamama wengi wananiambia neno moja: "Muganga, nikikojoa iko inachoma, na nikimaliza nasikia sijamaliza." Hiyo si ulozi. Na wewe baba, usiseme mara moja kama bibi yako alitembea inje. Mara nyingi ni mikrobe za matumbo: zinatoka nyuma, zinapita mbele, zinapanda mpaka mu kibofu. Njia ya mukojo ya mwanamuke ni fupi, karibu santimetre 4. Ya mwanaume inafika karibu 20. Ndiyo sababu wamama wanashikwa zaidi.

Sasa nauliza: nani hapa anaogopa kwenda choo usiku? Naona mikono mingi. Mu musitu tulijifunza kubana mukojo na kunywa maji kidogo ili tusitoke inje. Tumerudi, lakini desturi ile tulirudi nayo. Mukojo unaokaa sana mu kibofu ni shamba la mikrobe. Basi weka ndoo yenye kifuniko ndani ya nyumba, ao muende wawili wawili na taa. Wababa, choo chenye mulango unaofunga, hiyo pia ni dawa.

Tunywe maji mengi, ya kuchemusha. Kujipangusa ni kutoka mbele kwenda nyuma. Kukojoa kiisha kulala na bwana. Na tuache kujiosha ndani kwa sabuni ao majani.

Sasa kwa wanaolinda wagonjwa. Nilipokuwa stajere, mahali nisipotaja, mama mumoja alipasuliwa na akawekewa sonda. Alianza kutembea, lakini siku zikapita, hakuna aliyeuliza kama sonda ingali ya lazima. Akashikwa na homa kali. Mimi nilikuwa ninapita pale kila asubui, na mimi sikuuliza. Kwa hiyo ninawaambia: nawa mikono mbele ya kuigusa. Mufuko wa mukojo ukae chini ya kibofu, lakini usiguse udongo. Usikunje mupira wake, usiutenganishe. Na kila asubui uliza kwa heshima: "Muganga, sonda hii itatoka lini?" Kuuliza si kukosa adabu.

Ukisikia homa, baridi, maumivu ya mugongo, ao kutapika, usingoje: mikrobe zinaweza kuwa zimefika mu figo. Mwanamuke wa mimba aende hata kama ni kuchoma tu, kwa maana mimba inaweza kutoka mbele ya wakati. Usinunue vidonge viwili ku soko. Dawa ya nusu inafundisha mikrobe kupigana.

Na mama ambaye mukojo unamutoka wenyewe muchana na usiku tangu kuzaa, huyo pengine ni fistula. Asijifiche. Inapasuliwa, ku Panzi, Bukavu, wanafanya kazi hiyo tangu miaka mingi.

Namaliza kwa ombi moja. Mufuko wetu wa kusaidiana unalipa jeneza bila kuuliza. Mwanamuke wa mimba mwenye homa naye apate pesa ya moto siku ile ile, mbele ya kikao.