Sigara na Mgonjwa wa Akili

Kwa miaka mingi, katika hospitali za magonjwa ya akili za Uingereza na Marekani, sigara ilikuwa zawadi. Mgonjwa aliyetandika kitanda, akameza dawa na asisumbue wenzake, alipewa moja. Aliyeleta fujo alinyimwa. Wauguzi nao walivuta pamoja na wagonjwa, wakiamini kwamba moshi unawatuliza na kwamba si haki kumnyang'anya mtu mwenye mzigo kama huo starehe yake ndogo.

Huruma hiyo imegharimu maisha. Watu wenye skizofrenia na maradhi mengine mazito ya akili hufa mapema kuliko wengine, kwa miaka 10 hadi 20, na wengi huondoka kwa magonjwa ya moyo, mapafu na saratani, ambayo tumbaku ina mkono wake.

Na huo utulivu? Nikotini hupungua kwa nusu mwilini kila baada ya saa mbili hivi. Arosto, yaani hali ya mvutaji aliyekosa nikotini, ikianza, wasiwasi hupanda na hasira huwa karibu. Mtu akiwasha nyingine, arosto inakatika, naye anadhani ametibiwa. Mwaka 2014 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26: walioacha sigara walipata nafuu ya sonona, wasiwasi na msongo wa mawazo kuliko walioendelea kuvuta, hata wale wenye ugonjwa wa akili.

Mwaka huohuo hospitali ya magonjwa ya akili ya Maudsley na jirani zake, kusini mwa London, zilipiga marufuku sigara hadi kwenye viwanja vyake. Kulikuwa na hofu ya vurugu. Watafiti walipohesabu matukio ya watu kushambuliwa, waliyakuta yamepungua kwa zaidi ya theluthi.

Lakini marufuku peke yake hayamsaidii aliye nyumbani. Chuo Kikuu cha York kiliongoza jaribio lililohusisha watu 526 wenye maradhi mazito ya akili. Nusu yao walipewa mhudumu wa afya ya akili aliyefundishwa kusaidia watu kuacha sigara, aliyewafuata hadi majumbani, akawasaidia kupata dawa za kuacha, na kuwaruhusu wapunguze kidogo kidogo kabla ya kuacha kabisa. Baada ya miezi 6, asilimia 14 walikuwa wameacha. Katika kundi lililopata huduma ya kawaida, asilimia 6. Ilipofika mwaka mmoja pengo lilikuwa limepungua, maana yake msaada usikatwe mapema.

Dawa zipo pia. Mojawapo ya dawa za kuacha sigara, vareniklini, iliwahi kuogopwa kwamba huvuruga akili, hadi jaribio la watu zaidi ya 8,000, nusu yao wenye historia ya ugonjwa wa akili, lilipotoa matokeo yake mwaka 2016 bila kuthibitisha hofu hiyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Tahadhari moja haina mjadala. Moshi wa tumbaku, wala si nikotini, hulifanya ini livunje haraka dawa za skizofrenia kama klozapini na olanzapini. Mgonjwa akiacha kuvuta, kipimo kilekile cha jana kinaweza kumzidi, akasinzia kupita kiasi au hata kupata degedege. Kwa hiyo asiache kimyakimya, wala asipunguze dawa mwenyewe: daktari wake aambiwe kabla, apime na kurekebisha kipimo. Na kliniki ambayo haijawahi kumuuliza anavuta sigara ngapi kwa siku inamwandikia dawa kwa kubahatisha.