Tamasha Hukuzwa na Mafunzo, Si Kombe

(Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu wa kwaya na wazee wa kanisa, Kisii na Nyamira)



Tumeombwa tuseme kidogo juu ya kukuza tamasha letu dogo la muziki. Wengi wakisikia neno kukuza, wanafikiria hema kubwa, vipaza sauti na kombe. Haya, lakini tuwaangalie kwanza wenzetu.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, likiwa jambo la walowezi Wazungu. Siku hizi shule hushindana kuanzia mashinani hadi taifa, na nyimbo zetu za asili husikika pamoja na za Ulaya. Nyuma ya kila kikundi kinachopanda jukwaani kuna mwalimu na miezi ya mazoezi.

Huko Nairobi, mwaka 2008, Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics mtaani Korogocho, karibu na jaa la taka la Dandora. Watoto walijifunza vayolini na tarumbeta kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane. Waliotangulia huwafundisha wadogo. Basi mwalimu mmoja akiondoka, kazi haifi.

Na sisi je? Kwaya zetu nyingi huimba Haleluya ya Handel, aliyoitunga mwaka 1741. Lakini uliza ni nani awezaye kuisoma kwenye karatasi, uone mikono itakayoinuka! Tunakariri kutoka kinywani mwa mwalimu. Akihamishwa, sauti ya besi inahama naye. Hapo ndipo tunapoumia, ndugu zangu, wala si kwenye hema.

Tena tusiisahau obokano, ala kubwa ya nyuzi nane ya Abagusii. Hiyo nayo ina mabingwa wake, na ujuzi wake hurithishwa kwa sikio na kwa mkono. Wazee wanaoijua hawatakaa nasi milele. Mzee apewe nafasi yake katika tamasha, na kijana wa kukaa naye Jumapili alasiri.

Kwa hivyo ombi letu ni hili. Pesa za harambee ziende kwanza kwa mafunzo ya solfa, karatasi za nyimbo, kinanda kimoja cha kuzunguka makanisani, na nauli ya mwalimu. Kila kwaya itoe vijana wawili, mvulana na msichana. Wakishafunzwa, warudi wawafundishe wenzao. Hema tutakodi baadaye. Hata ndani ya kanisa watu watasikia vizuri.

Mwaka ujao tusihesabu waliokuja kutazama tu. Tuhesabu wanaoweza kushika karatasi mpya na kuiimba bila kungojea mtu awaanzishie.