Nyumba ya Sala Msituni

Leo twende Devon, Uingereza, karibu na kijiji cha Dalwood. Huko Loughwood, ubavuni mwa kilima, ipo nyumba ya mawe iliyoezekwa kwa nyasi. Wabatisti waliijenga yapata mwaka 1653. Msitu uliizunguka, na msitu huo ukawafaa baadaye. Maana sheria ya 1664 ilikataza watu zaidi ya watano, wasio wa nyumba moja, kukutana kusali kinyume cha kanisa la serikali. Ukikamatwa, faini au kifungo. Mara ya tatu, unahamishwa ng'ambo! Hata hivyo walikuja. Ruhusa ilipatikana mwaka 1689. Mimi hupenda birika lao la kubatizia: limo chini ya sakafu, limefunikwa mbao. Mgeni hulikanyaga asijue.