Wekundu Kwenye Njia ya Haja Kubwa: Si Kila Mara ni Minyoo

Leo tunazungumzia jambo ambalo wazazi wengi huona haya kulitaja, hata mbele ya daktari: mtoto anayeumwa kwenye njia ya haja kubwa.

Hapa Gatina, mtoto akijikuna makalio, wazo la kwanza ni minyoo. Tunakwenda kwa kemisti kununua dawa ya minyoo. Isiposaidia, tunanunua krimu. Wiki zinapita, na mtoto bado analia kila anapokwenda choo. Mama, huenda ugonjwa wenyewe ni mwingine.

Kuna bakteria wanaoitwa streptokoki wa kundi A. Hao ndio huwaletea watoto maumivu makali ya koo. Bakteria hawa huweza pia kushambulia ngozi inayozunguka njia ya haja kubwa. Mtoto hutia vidole mdomoni, kisha hujikuna nyuma, na bakteria hupata njia. Madaktari wa Marekani waliueleza ugonjwa huu mwaka 1966, lakini hata leo si rahisi kukumbukwa. Huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 10.

Utautambuaje? Tazama dalili hizi:
- Ngozi nyekundu sana kuzunguka njia ya haja kubwa, na mpaka wa wekundu huo unaonekana wazi. Kwa mtoto mweusi sana, wekundu huweza kufichika. Tazama kwenye mwangaza wa kutosha.
- Maumivu au mwasho.
- Mtoto kuzuia choo kwa kuogopa maumivu, hata choo kikawa kigumu.
- Michirizi ya damu juu ya choo.
- Mara nyingi mtoto hana homa.

Minyoo midogo ya uzi huwasha zaidi usiku, na kwa kawaida haileti wekundu wenye mpaka namna hiyo. Ukungu wa nepi nao huwa na vipele vidogo vidogo pembeni.

Ukiona dalili hizi, mpeleke mtoto kituoni, kwa mfano Kituo cha Afya cha Riruta. Usione haya. Mwambie mhudumu waziwazi: "Mtoto wangu ana wekundu kwenye njia ya haja kubwa, na anaogopa kwenda choo." Eleza pia kama yeye au ndugu zake wameumwa koo siku za karibuni. Mhudumu huweza kupangusa ngozi hiyo kwa kijiti chenye pamba ili ipimwe maabara. Uliza kama kipimo hicho kinapatikana.

Tiba ni dawa ya kuua bakteria, kama penisilini au amoksilini, ambayo mtoto hunywa, mara nyingi kwa siku 10 au zaidi. Kama dawa hizo zimewahi kumdhuru, sema kabla hujapewa. Usinunue dozi nusu. Maumivu huweza kupungua baada ya siku chache, lakini usiache dawa; maliza zote. Krimu zenye steroidi huweza kupunguza wekundu huku bakteria wakiendelea. Ugonjwa huu hurudi mara kwa mara, kwa hiyo ukirudi, nawe rudi kituoni.

Nyumbani, usiwaogeshe watoto wawili kwa maji ya karai moja. Kila mtoto awe na taulo lake. Kata kucha, na mnawe mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula.

Nenda hospitali haraka ikiwa mtoto ana homa, wekundu unaenea upesi, uso umevimba, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Huenda figo zimeathirika.

Neno la mwisho. Wekundu huu peke yake si ushahidi kwamba mtoto amenajisiwa. Usimshtaki jirani, wala usimtishe mtoto. Lakini mtoto akikueleza kwamba ameguswa vibaya, au una wasiwasi, msikilize, mpeleke hospitali, na upige simu bila malipo nambari 116, inayosaidia watoto.

Mama, mtoto mdogo hajui kueleza kinachomuuma. Anapolia chooni, usimgombeze. Mtazame, kisha mpeleke akapimwe.