Baada ya Majibu ya Kifua Kikuu: Pumu ya Kikohozi katika Taita Taveta



Nimeomba tuzungumzie kikohozi. Kile kinachokuja na mafua na kuondoka nayo tukiache. Nazungumzia kikohozi kikavu kinachomwamsha mtu saa nane za usiku, kinachomshika akicheka, akipanda mlima au akikaa karibu na moshi wa kuni, na ambacho kimepita wiki nane bila kupoa.

Mwenye kikohozi hicho akifika zahanati, kwanza huchunguzwa kifua kikuu. Ndivyo inavyopasa. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazolemewa zaidi na ugonjwa huo, na kipimo cha GeneXpert, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutoa majibu ya makohozi kwa muda wa saa mbili hivi. Hoja yangu inaanzia pale majibu yanaporudi yakisema hana. Familia inashusha pumzi, mgonjwa anapewa antibiotiki na chupa ya dawa ya kikohozi, kisha faili inafungwa. Mwezi mmoja baadaye amerudi, anapewa antibiotiki nyingine. Majibu yale yalitwambia ni ugonjwa gani hana. Deni la kumwambia anaumwa nini bado tunalo.

Mwaka 1979 madaktari watatu wa Marekani, William Corrao, Sidney Braman na Richard Irwin, waliandika kuhusu wagonjwa ambao dalili yao pekee ya pumu ilikuwa kikohozi. Vifua vyao havikutoa mlio wa filimbi, na kipimo cha kupuliza hewa kilitoka sawa. Lakini walipovutishwa dawa ya kuchokoza njia za hewa, njia hizo zilijibana upesi kuliko za watu wengine. Na walipotibiwa kama wagonjwa wa pumu, kikohozi kilitulia. Ndiyo pumu ya kikohozi. Kuta za njia za hewa zimevimba kwa ndani, neva za kikohozi zimekuwa nyepesi kushtuka, na misuli hujikaza kiasi cha kuleta kikohozi tu. Anayengoja asikie filimbi kifuani ndipo aseme ni pumu atawakosa wagonjwa hawa wote.

Kaunti yetu ina vichocheo vingi. Voi kuna vumbi jekundu na magari ya barabara ya Mombasa. Ukipanda kuelekea Wundanyi na kilele cha Vuria, mita 2,208, unakutana na ukungu na baridi, na jikoni za mafiga zinazofungwa madirisha ili joto lisitoke. Mwatate kuna mashamba ya mkonge. Akwilina Kayumba na wenzake, waliochunguza wafanyakazi wa viwanda vya mkonge nchini Tanzania, waliwakuta wengi wakikohoa na kupiga chafya kazini. Wachimbaji wa vito wa Kasigau wana hatari yao nyingine: vumbi la mwamba hukausha mapafu kwa makovu, na kovu haliponi kwa dawa ya pumu. Kwa hiyo swali la kazi ya mgonjwa liulizwe kila mara.

Maswali mengine hayahitaji mashine. Je, anameza enalapril ya presha? Dawa hiyo huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na ikibadilishwa kikohozi huisha polepole. Ana kiungulia? Makamasi yanamshukia kooni? Utotoni alikuwa na ukurutu, au nyumbani kwao kuna mwenye pumu? Kisha apewe kifaa kidogo cha kupimia kasi ya pumzi, apulize asubuhi na jioni kwa wiki mbili na kuandika. Namba zikipanda na kushuka sana, pumu imejionyesha. Zisipobadilika, majaribio ya dawa kwa wiki chache, chini ya uangalizi, yanaweza kutoa jibu.

Dawa yenyewe ni inhela. Ile tuliyoizoea, salbutamol, mara nyingi ya buluu, hulegeza misuli kwa saa chache. Kuitegemea peke yake ni kufuta maji sakafuni huku mfereji uko wazi. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri kumtibu mtu mzima wala kijana kwa dawa hiyo pekee. Kinachotuliza uvimbe ni steroidi ya kuvuta, kama beclometasone au budesonide, inayotumiwa hata siku ambazo mtu hakohoi.

Najua hofu iliyopo: kwamba ukianza inhela huwezi kuiacha, kwamba steroidi huharibu mwili. Tuhesabu. Kidonge kimoja cha prednisolone cha miligramu 5 kina mikrogramu 5,000. Mvuto mmoja wa beclometasone una mikrogramu 100 hivi, nao huenda moja kwa moja kwenye kifua. Mgonjwa asukutue kinywa kila baada ya kuvuta, ili asiote utando mweupe mdomoni. Na kuacha kutibu kuna gharama yake: kati ya watu wazima wenye pumu ya kikohozi, asilimia 30 hadi 40 huishia kupata pumu kamili ya kubanwa kifua.

Kwa watoto, umaskini usiwe kisingizio. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa na kuzibwa vizuri kuizunguka inhela, ilifanya kazi sawa na kifaa cha kununua cha kuvutia dawa ya inhela, kwa watoto waliobanwa na pumu.

Nahitimisha kwa maombi matatu. Serikali ya kaunti ihakikishe inhela ya steroidi inapatikana hadi zahanati za vijijini, mgonjwa wa Kasigau asilazimike kuifuata Hospitali ya Moi hapa Voi. Waajiri wa mkonge na migodi wapunguze vumbi kabla ya kugawa barakoa. Nanyi wauguzi na matabibu, mtu anayeendelea kukohoa ilhali kifua kikuu hakikuonekana, asitoke mlangoni kwenu kabla hamjamuuliza kuhusu pumu na kumpa tarehe ya kurudi.