Mawe Yaliyobebwa Begani

Masomo: Yoshua 4:1-9, 2 Samweli 23:13-17

 

Leo tunaanza kwa kuungama. Siku moja, hapa hapa kwenye mikro, tulifundisha kwamba kuweka maua mbele ya mnara wa askari waliokufa vitani ni kuabudu wafu. Tulisema kwa nguvu, na wengi wakaitika Amina. Kisha mama mmoja akatujia na medali aliyoifunga ndani ya kitambaa. Ilikuwa ya baba yake, askari wa Force Publique aliyefika Ethiopia mwaka 1941. Akatuuliza: "Watumishi, niitupe mtoni? Sina kitu kingine cha baba." Tulikosa jibu. Tukarudi kufungua Biblia.

Pale Yordani, Mungu mwenyewe aliagiza mawe 12 yasimamishwe, ili watoto watakapouliza, wazazi wawaeleze. Hakuna aliyeyapigia magoti. Yalikuwa ya kukumbusha. Tena angalieni mstari wa 5: kila mtu alibeba jiwe lake begani. Kumbukumbu ile ilifika Gilgali kwa mabega ya watu.

Wapendwa, nchi yetu nayo inajua habari ya mabega. Mwaka 1916 askari Wakongomani walivuka Rwanda na Burundi, na mwezi wa Septemba wakaingia Tabora, katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Nyuma yao walikuwepo wapagazi wengi kuliko askari, wakibeba risasi na chakula. Wengi walichukuliwa kwa lazima. Njaa, baridi na magonjwa viliwaua njiani, na makaburi yao hayajulikani. Mwaka 1941 wengine walipigana Ethiopia, huko Asosa, Gambela na Saio, mpaka jeshi la Italia likajisalimisha. Wengine walifika Birmania kutunza majeruhi.

Huko Kinshasa kuna mnara wa wapiganaji hao wa zamani. Mwezi wa Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji aliweka maua pale na kumvika medali Kaporali Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100. Miaka zaidi ya 75 ilikuwa imepita tangu vita kwisha. Wenzake wangapi walikufa wakingoja neno la asante?

Hatusifu vita. Na vita vile havikuwa vyetu. Wakubwa waligombana, watoto wa maskini wakatumwa. Lakini Daudi anatufundisha jambo. Watu wake watatu walipomletea maji ya Bethlehemu kwa kuhatarisha maisha yao, alikataa kuyanywa. Aliona ndani ya yale maji damu ya watu, akayamimina mbele za Bwana. Hakuwaabudu wale watatu, wala hakuihesabu damu yao kuwa kitu cha bure. Ibada ni ya Mungu peke yake. Heshima tunadaiwa na watu.

Kwa hiyo tulimrudia yule mama, tukamwomba msamaha. Tukamwambia: "Mama, ihifadhi. Wajukuu wakiuliza, waeleze." Akalia, akatuuliza tena: "Na wale ambao hawakupewa medali?"

Swali hilo tunaliacha kwenu, wapendwa. Kwetu huku vita havikubaki kwenye vitabu. Karibu kila kanisa lina mjane wa askari, lina mtoto ambaye baba yake alitoka asubuhi asirudi. Mnara wa mawe hauwezi kumpelekea mjane unga, wala kumlipia yatima masomo. Sisi tunaweza. Juma hili, tafuteni mmoja katika mtaa wenu. Ketini naye, mwulizeni jina la marehemu wake, mlisikilize mpaka mwisho. Na ninyi wazee mnaokumbuka, simulieni, vijana waandike kwenye daftari kabla hamjatutoka.

Bwana wetu Yesu hajasahau hata mpagazi mmoja aliyeanguka njiani. Naye alibeba mzigo begani mwake, akatoka nao nje ya mji.

Tuombe. Baba, utusamehe tulipowadharau waliotutangulia. Uwafariji wajane, uwalinde yatima, uipe Kongo amani, ili watoto wetu wasiongezewe minara mingine. Katika jina la Yesu. Amina.